Kipimo Hakijipimi

Lugha ya Kiswahili ilifanya jambo la hekima, pengine bila ya kukusudia, ilipolipa neno moja kazi mbili. Mizani ni chombo cha kupimia karafuu na mchele. Na mizani ni hesabu ya silabi ndani ya mshororo wa shairi. Mchuuzi na mtunzi wanakutana katika neno hilo, na kila mmoja anaijua aibu ya kupunja. Mwenye duka anayepunja ratili huitwa mwizi, na mtunzi anayepunja silabi huambiwa kuwa shairi lake ni guni.

Lakini lipo swali ambalo wote wawili aghalabu hawajiulizi, kwa kuwa kujiuliza kunaondosha usingizi: ikiwa kila kitu hujulikana kwa kipimo, kipimo chenyewe hujulikana kwa nini? Wahenga waliligusa swali hili kwa upande waliposema kuwa mganga hajigangi, na kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hizo hutumiwa zaidi kwa kuucheka udhaifu wa mtu. Zikisikilizwa kwa utulivu zinasema jambo zito kuliko kicheko. Zinasema kuwa mkono unaorekebisha vyote hauwezi kujishika wenyewe.

Swali hili lina makao mengi. Meza ya fundi wa vyombo vya umeme ni miongoni mwa makao yake ya wazi, na Tabora ni mji unaostahiki kuwekwa meza hiyo. Ndio mji uliokuwa njia panda ya misafara, pale barabara itokayo Bagamoyo ilipogawanyika, mkono mmoja ukishuka Ujiji na mwingine ukipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli ya kati ilifika hapo mwaka 1912, ikaingia Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Njia panda ya miguu ikageuka njia panda ya chuma.

Mji wa namna hiyo huishi kwa vipimo. Msafara ulihesabu pembe kwa frasila, ambayo ni kilo 16 hivi, na nguo ya merekani kwa doti, ambayo ni mikono minane. Mkono ni tokea kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na papo hapo ndipo penye fitina: mkono wa nani? Mnunuzi angependa apimiwe na mtu mrefu, na muuzaji angependa apime mtu mfupi. Reli nayo ilipokuja ilileta waya za simu, ishara za njiani, na baadaye mitambo ya redio, na kila kimojawapo kilihitaji ala ya kukipimia. Fitina ya mkono ilibadili umbo tu. Ilihama kutoka kwenye kiwiko ikaingia ndani ya kisanduku chenye mshale.

Chukua mfano wa fundi katika mji huo, mwenye mita ya mshale ya Kiingereza iitwayo AVO, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1923, na ambayo toleo lake la nane, la mwaka 1951, liliendelea kutoka kiwandani hadi mwaka 2008. Ameletewa redio iliyonyamaza. Kabla ya kuigusa redio anapima betri mpya ya tochi, ambayo yapasa kutoa volti moja na nusu au zaidi kidogo. Mshale unasimama kwenye 1.2. Fundi asiye na subira ataitupa betri. Fundi mwenye subira anajua kuwa mbele yake wamesimama washukiwa watatu: betri, mita, na yeye mwenyewe.

Mshukiwa wa tatu ndiye wa kuanza naye, kwa sababu kumchunguza hakugharimu kitu. Chini ya mshale wa mita njema kuna utepe wa kioo. Mtu akitazama kwa upande huuona mshale na taswira yake kiooni vimeachana, na namba aisomayo siyo iliyopo. Akilinyoosha jicho mpaka mshale uifunike taswira yake, hapo ndipo anaposoma sawa. Waliobuni utepe huo walijua kuwa kosa la kwanza la kipimo ni mahali aliposimama mpimaji. Hawakumhubiria; walimwekea kioo kimwonyeshe alivyopinda.

Jicho likishanyooka, ni zamu ya mita. Fundi anachukua betri nyingine, iliyonunuliwa duka jingine, na mshale unarudi palepale. Hapo bado hajahukumu, kwa kuwa betri zote mbili zaweza kuwa zimelala muda mmoja katika ghala moja. Anatafuta kitu kisicho na udugu na betri hizo: betri ya gari iliyojaa, ambayo yapasa kuwa karibu na volti 12.6. Mita inasema 10. Sasa uwiano umejitokeza: juu na chini, kila mahali, panapungua sehemu moja ya tano. Kosa lenye uwiano mmoja hutoka penye jambo la pamoja, kama vile sumaku iliyochoka ambayo mshale wote unaitegemea. Lau upungufu ungeonekana kwenye masafa mamoja tu ya swichi, ingeshukiwa rezista ya masafa hayo, kwani rezista za kaboni za zamani hupanda ukinzani kwa joto na umri. Namna ya kosa humwelekeza fundi kwenye makao ya kosa. Anayekasirikia kosa kabla ya kulitazama sura yake hatalijua kwao.

Kazi inakuwa nzito zaidi fundi huyo akiletewa osiloskopu ya vali, ala inayouchora umeme kama wimbi juu ya kioo. Hapa pana hatari ya mwili: kapasita za ndani huweza kushika volti mamia hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na desturi ya fundi mwenye akili ni kuzimaliza nguvu polepole kwa rezista kabla ya kutia mkono. Kisha anatazama na kunusa, maana rezista iliyoungua ina harufu yake na kapasita iliyovimba ina umbo lake. Fyuzi ikiwa imekatika hafurahii kuwa amepata ugonjwa. Anauliza ni nini kilichoikata, kwani fyuzi hufa kwa ajili ya wengine. Halafu, kabla ya kufuata wimbi lolote, anapima volti za msingi zinazolisha mitambo yote.

Katika osiloskopu nyingi za Tektronix ya Marekani za miaka ya 1950, njia moja ya volti 150 hasi ndiyo mama wa nyingine zote. Njia nyingine za volti hurekebishwa kwa kulinganishwa na hiyo, kama watoto wanaoiga matamshi ya mzazi. Mama akipotoka kwa sehemu tano katika mia, watoto nao hupotoka kwa kiasi kama hicho. Hakuna kilio wala moshi. Wimbi linachorwa zuri, limenyooka, lina uwiano, na ni la uongo. Fundi akitaka uhakika hugeukia ishara ya majaribio iliyomo ndani ya ala, iliyowekwa mahususi iwe shahidi wa usahihi wake. Lakini ishara hiyo nayo huweza kulishwa na volti zilezile. Shahidi na mshitakiwa wamekula chungu kimoja, na ushahidi utakuwa kwamba mambo yote ni shwari.

Hapo ndipo meza ya fundi inapogusa maisha ya watu. Imezoeleka kudhani kuwa kosa hujulikana kwa mgongano, na kwamba pasipo mgongano pana haki. Osiloskopu yenye mama mgonjwa inafundisha kinyume. Kosa la pamoja lina utulivu wake, hata lina uzuri wake. Familia nzima ikifunzwa jambo potofu na mzee mmoja itapatana juu ya jambo hilo bila ya neno moja la ugomvi, na kila mmoja atamtaja mwenziwe kuwa ushahidi. Wanazuoni wa Hadithi walilitambua hili mapema: habari ikipitia kwa mtu mmoja katika tabaka moja, hata ikienea baadaye kwa watu mia, bado huhesabiwa kuwa imebebwa na mtu mmoja. Wingi wa midomo si wingi wa mashahidi. Kinachohesabiwa ni njia ngapi zilizofika bila ya kukutana njiani.

Kosa la namna hii lilikwisha kupita Tabora kwa miguu, zamani kabla ya vali na waya. Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, mwezi Novemba, na Februari 1858 wakaliona Ziwa Tanganyika huko Ujiji. Pamoja nao alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, aliyejifunza dunia kwa utumwa nchini India kabla ya kurudi Afrika, na ambaye baadaye alikuja kuivuka bara hii zaidi ya wasafiri wengi waliomlipa. Wageni hao walibeba ala za shaba na kioo. Safari ilizila ala hizo moja baada ya nyingine. Saa za kupimia nyota zilisimama, na Speke akalazimika kutundika risasi ya bunduki kwenye uzi ili mwendo wake umhesabie wakati.

Ala ya kupimia kimo cha nchi ilikuwa kipimajoto. Ilmu yake ni ya jikoni. Maji huchemka kwa nyuzi 212 za Fahrenheit pwani, na kadiri mtu anavyopanda yanachemka mapema zaidi, kwa uzi mmoja hivi kila baada ya futi 500 na kitu. Kwa hiyo sufuria, moto na zebaki vinatosha kumwambia msafiri yuko juu kiasi gani ya bahari. Kwa njia hii Tanganyika ilipewa kimo cha futi 1,844. Kimo chake kinachojulikana leo ni takriban mita 773, yaani futi 2,536. Ziwa zima lilizamishwa futi 700, na kosa hilo kubwa la ardhi lilikuwa ndogo sana kwa zebaki: kiasi cha uzi mmoja na robo. Kioo cha kipimajoto huendelea kujikunyata polepole kwa miaka baada ya kupulizwa, na zebaki husukumwa juu bila ya joto kuongezeka. Mchemko husomeka juu zaidi, na nchi huonekana kuwa chini zaidi. Mtu hawezi kuuona mwendo huo kwa jicho.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo Speke alitoka Kazeh peke yake na wapagazi wake, akafika kusini mwa ziwa la Nyanza mwezi Agosti, akachemsha maji tena, akapata futi 3,740. Kimo cha leo cha ziwa hilo, mita 1,134, kinafanya futi 3,720. Njia ileile iliyopotea kwa futi 700 mahali pamoja ilipatia kwa futi 20 mahali pengine. Hakuna kilichomjulisha msafiri tofauti ya siku ya kweli na siku ya uongo. Zebaki ilipanda kwa utulivu uleule.

Mwaka 1864 Samuel Baker alilifikia ziwa la kaskazini-magharibi, akaliita Albert, akalipima futi 2,720. Leo linajulikana kuwa karibu na mita 619, kama futi 2,030. Yeye alikosea kwa kuzidisha takriban kiasi kilekile ambacho wenzake walikosea kwa kupunguza. Makosa mawili yalikaa yakitazamana kwenye ramani. Burton alikuwa akidai tangu mwaka huo kwamba Tanganyika ndiyo chemchemi ya Nile, na kwamba maji yake yanatoka kaskazini. Lakini kwa namba zilizokuwapo, maji hayo yangelazimika kupanda mlima wa futi 876 ili yafike Albert. Waliopenda dai hilo wakafanya lililo rahisi: wakakilaumu kipimajoto.

Na kipimajoto kilikuwa na kosa kweli. Hapa ndipo kisa kinapostahiki kutafakariwa na kila mwenye kupenda haki. Walioishuku ala walikuwa sahihi juu ya ala, na walikuwa wamepotea juu ya ziwa. Laiti vipimo vyote viwili vingekuwa sawa siku ile, Tanganyika ingeonekana juu ya Albert kwa futi 500, na dai la uongo lingepata nguvu zaidi kuliko lilivyokuwa nayo. Kwani baina ya maziwa hayo mawili kuna nyanda za Kivu, zilizo juu mno kuliko yote mawili, na mto Rusizi unateremka kutoka huko ukija kusini. Kimo sahihi kingejibu swali la kimo tu. Swali la mwelekeo wa maji lilihitaji ushahidi mwingine.

Ushahidi huo ulikuwapo tokea mwanzo. Aprili 1858, Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi, wenyeji waliwaambia kuwa Rusizi unaingia ziwani. Waliosema hivyo hawakuwa na zebaki. Walikuwa na mitumbwi na nyavu, na miili yao iliujua mkondo kwa kuupigia kasia. Neno lao liliandikwa, kisha likawekwa kando pale hamu ya chemchemi ilipopanda. Ilipita miaka kumi na mitatu kabla ya David Livingstone na Henry Morton Stanley kuufikia mdomo wa mto ule, Novemba 1871, na kuona kwa macho yao kuwa maji yanaingia. Wakaja Tabora na habari hiyo, na mwanzoni mwa mwaka 1872 wakakaa pamoja katika tembe la Kwihara. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliukuta mto Lukuga upande wa magharibi, na hatimaye ikabainika kuwa maji ya Tanganyika yanakwenda Kongo. Walichokisema watu wa Uvira kilikuwa kweli miaka yote hiyo, bila ya kuhitaji ruhusa.

Isije ikadhaniwa kuwa kinywa cha mtu ni kipimo kisichopinda. Fundi wa Tabora angemwonya anayefikiri hivyo, kwa jambo alijualo vizuri: kupima ni kugusa, na kuguswa hubadili. Rezista mbili za omu milioni moja kila moja zikifuatana chini ya volti 100, katikati yake pana volti 50. Fundi akiweka hapo mita yenye ukinzani wa omu 20,000 kwa kila volti, kwenye masafa ya volti 100, mshale utasema 40. Akiweka mita duni yenye omu 1,000 kwa kila volti, utasema 8. Mita zote mbili ni nzima. Kila moja imesema kweli juu ya kilichokuwapo wakati yenyewe ilipokuwapo, kwa kuwa kila moja imejinywea sehemu ya mkondo iliokuja kuupima. Mita njema ni ile inayokunywa kidogo.

Msafiri aingiaye kijijini na bunduki na mizigo ya nguo ni mita inayokunywa sana. Akiuliza huku jibu analolitaka limeandikwa usoni, mwenyeji mwenye adabu, au mwenye hofu, au mwenye haja ya doti moja ya merekani, atampa volti anazozitaka. Kwa hiyo neno la Uvira halikuwa na thamani kwa sababu tu lilitoka kwa wenyeji. Thamani yake ilikuwa kwamba lilikwenda kinyume na hamu ya aliyeuliza. Jibu linalomuudhi muulizaji mwenye bunduki limelipiwa gharama, na jibu lililolipiwa gharama lastahiki kusikilizwa mara mbili.

Bado pana swali la mwisho kwa wenye kupenda falsafa: je, shaka hii ina kituo? Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilisimulia swali hilo katika kitabu chake cha al-Munqidh min al-Dalal. Jicho huona kivuli kimesimama, kumbe kinakwenda. Huona nyota ndogo kama dinari, kumbe ni kubwa kuliko ardhi. Akili ndiyo iliyokuja kulisahihisha jicho. Basi na akili je, nani ajuaye kama nyuma yake hapana hakimu mwingine ambaye hajajitokeza bado? Swali hilo lilimtia ugonjwa kwa muda.

Watu wa vipimo walijaribu kukipata kituo kwa njia ya chuma. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia ilikuwa mche mmoja wa platini na iridi uliofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Mche huo haukuweza kukosea, kwa maana wenyewe ndio uliokuwa kilo. Lakini ulipolinganishwa na nakala zake baada ya miaka mia, ulionekana kuachana nazo kwa takriban maikrogramu 50, uzito wa chembe ndogo ya mchanga. Nani aliyebadilika, mfalme au raia? Kwa sheria ilivyokuwa, mfalme hakubadilika. Ni dunia yote iliyoongezeka uzito. Tarehe 20 Mei 2019 mche ule uliondolewa katika kiti, na kilo ikafungamanishwa na tabia ya maumbile ambayo maabara yoyote yenye uwezo inaweza kuifikia. Hawakumtafuta mfalme mwingine. Walichagua barabara zinazoweza kupitwa na wengi na zikakutana mahali pamoja.

Na hicho ndicho kituo ambacho fundi hukitumia bila ya kukipa jina. Hajapata mita isiyo na shaka, wala hatapata. Lakini betri ya duka moja, betri ya gari, na mita ya jirani isiyo ya kiwanda kimoja na yake, zikikutana kwenye namba moja, anaacha kuuliza na anaanza kulehemu. Asiyeacha kuuliza hataitengeneza redio ya mtu yeyote, na shaka yake ni uvivu uliovaa kilemba.

Wapenzi wa ushairi wanaijua meza hii kwa jina jingine. Mshororo ukipungua silabi moja katika mswada wa zamani, mhariri hushika kalamu. Lakini mashairi mengi ya pwani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambamo herufi moja huweza kubeba sauti mbili, na yalitungwa kwa Kiamu au Kimvita, si kwa Kiswahili cha shuleni. Mhariri anayehesabu kwa ulimi wa mji mwingine anaweza kukuta kasoro pasipo na kasoro, akatia silabi ya kwake, na shairi likatulia, na msomaji wa baadaye asijue kuwa lililotiwa dawa lilikuwa zima. Ulimi wake ndio mita iliyopungua. Njia ya kutoka ni ileile ya fundi: kusikiliza shairi likiimbwa na mwenye lahaja hiyo, kutafuta mswada uliotoka mkono mwingine, na kulinganisha. Mahadhi na maandishi vikikutana, kalamu iende. Visipokutana, ingoje.

Ila shaka si mali ya kugawanywa sawa kwa kila mtu. Nani anayewajibika kukishuku kipimo kwanza? Sokoni jibu lake linaumiza. Mkulima analazimishwa kujaza viazi au vitunguu katika gunia la lumbesa, lililotiwa kilemba juu ya mdomo, na bei inabaki ya gunia moja. Mkulima wa tumbaku Tabora anauhisi uzito wa mzigo begani kabla haujafika kwenye mizani. Tanzania iliunda Wakala wa Vipimo mwaka 2002 ili mtu asiye na sehemu katika bei ndiye aikague mizani, na busara ya jambo hilo ni kongwe kuliko wakala wowote. Kosa linalomfaidisha mwenye mizani halitamwamsha usiku. Kosa linalomdhuru litamwamsha kabla ya jogoo.

Ndiyo maana wajibu wa kulitafuta kosa huwa juu ya yule anayefaidika nalo. Burton alikishuku kipimajoto pale kilipomnyima Nile. Hakuna ushujaa katika shaka ya namna hiyo, hata ikisadifu kuwa sahihi. Ushujaa ungekuwa kuishuku ramani yake mwenyewe, akalirudia neno la Uvira lililomuudhi. Hakimu aishuku hukumu inayompendeza. Mhariri aushuku usahihisho unaomwonyesha kuwa mjuzi. Mzazi aishuku adhabu iliyompa nafuu ya hasira. Nyani haoni kundule, lakini binadamu amepewa kioo, na kioo hakina faida mpaka mtu anyooshe jicho.

Lipo jambo moja zaidi ambalo mafundi hufanya, nalo ni dogo. Mita ya zamani isipoweza kurekebishwa kikamilifu, sumaku yake ikiwa imechoka na nyingine haipatikani, fundi haitupi. Anaipima kwa uangalifu, kisha anabandika kikaratasi juu ya kifuniko: hupunguza moja katika tano. Tangu siku hiyo mita yenye kosa inafaa kazi, kwa kuwa kosa lake lina jina na kiasi, na yeyote atakayeirithi ataongeza kilichopungua. Mita ya kuogopwa ni ile iliyo jirani yake juu ya rafu, inayong'aa, isiyo na kikaratasi chochote.